Kabla ya kujilaza kwenye machela, chunguza kamba na vyuma

MTU anayenunua machela ya kupumzikia kwa kawaida huchukua muda mrefu kuchagua rangi na ufumaji wake, kisha humalizia kwa kuokota kamba yoyote aliyoiona karibu na mlango wa duka. Kitambaa alichokiteua kwa makini hudumu miaka kadhaa bila tatizo. Kinachomwangusha, aghalabu, ni vile vitu vya bei ndogo vilivyo kwenye ncha mbili: kamba, fundo, kulabu na nguzo.

Machela inayozungumziwa hapa si ile ya kumbebea mgonjwa, bali ni kitanda cha wavu au kitambaa kinachoning’inizwa baina ya miti au nguzo mbili. Asili yake ni Amerika. Christopher Columbus alipofika Bahama mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala kwenye nyavu za pamba, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakauiga mtindo huo kwa sababu kitanda kinachoning’inia hakimwagi mtu sakafuni merikebu inapoyumba. Leo hii, kutoka Diani hadi Watamu na Lamu, hoteli na nyumba za kukodishia wageni zimetundika machela chini ya minazi na vibarazani, na desturi hiyo imepanda hadi bara, ambako wenye nyumba huzifunga katika bustani zao.

Starehe hii ina hatari yake. Mnamo Juni 2020, katika mji wa Cleveland Heights, jimbo la Ohio nchini Marekani, wasichana wawili ndugu, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 12, walifariki baada ya kuangukiwa na nguzo ya matofali ambayo machela yao ilikuwa imefungiwa. Nguzo iliyoonekana imara kwa macho haikuweza kustahimili mvuto wa kando.

Ili kufahamu jinsi nguzo inavyoweza kuangushwa na uzani wa watoto wawili, ni sharti kwanza kufanya hesabu kidogo.

Ubaya wa kukaza

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kuikaza machela ili ilale sawasawa kama kitanda cha kawaida. Anayefanya hivyo hudhani kwamba kamba iliyokazwa ni kamba salama. Ukweli ni kinyume chake.

Chukua mfano wa mtu wa kilo 80. Lau angening’inia kwenye kamba mbili zinazoshuka wima, kila kamba ingebeba kilo 40. Lakini kamba za machela haziendi wima, bali huenda kwa mshazari, na kadiri zinavyolala ndivyo mzigo unavyozidi. Kamba zikishuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila moja huvutwa kwa nguvu sawa na kilo 80. Zikiwa digrii 10, mvuto huo hufika takribani kilo 230. Zikikazwa hadi zibakie digrii 5 tu, kila upande huvutwa kwa karibu kilo 460, ilhali aliyelala ni yuleyule wa kilo 80.

Sababu ni kwamba ni ile sehemu ya mvuto inayoelekea juu pekee ndiyo inayombeba mtu. Sehemu nyingine yote hufanya kazi ya kuivuta miti au nguzo mbili zikaribiane. Yeyote aliyewahi kuanika blanketi lililolowa kwenye kamba ya nguo iliyokazwa kama uzi wa gambusi ameliona jambo hili, maana aghalabu ni msumari unaong’oka ukutani kabla kamba haijakatika.

Kwa hivyo pembe ya digrii 30 ndiyo inayopendekezwa, na kuipima hakuhitaji kifaa cha shuleni. Katika kila mita moja inayokwenda mbele kutoka kwenye mti, kamba ishuke kiasi cha sentimita 58. Asiye na kipimo anaweza kutumia mkono: atandaze kidole cha shahada na cha gumba viwe kama herufi L, shahada ielekee mbele sambamba na ardhi na gumba lielekee juu. Kamba ikipita kwenye ncha za vidole hivyo viwili, pembe ni ya kuridhisha.

Machela iliyofungwa hivyo, ikiwa tupu, huonekana imebonyea kama ndizi, na wengi hushawishika kuikaza tena. Wasifanye hivyo. Baina ya miti iliyoachana mita 3.5 hadi 4.5, kamba hufungwa kwenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 1.8 au zaidi kidogo, almuradi aliyelala asiwe juu ya ardhi zaidi ya nusu mita. Kuanguka kutoka kimo hicho huacha uchungu. Kuanguka kutoka kimo cha kifua huvunja mfupa. Anayetaka mgongo wake unyooke na alale kwa mshazari ndani ya kitambaa, kama wafanyavyo watu wa Mexico na Brazil, wala asiikaze kamba.

Zipo machela zenye mti wa kutandazia kwenye kila ncha, ambazo ndizo hupigwa picha katika matangazo ya utalii. Hizo hutakiwa kufungwa zikiwa zimenyooka zaidi, na hivyo huzitesa kamba na nguzo kuliko zile zisizo na mti. Isitoshe, hupinduka upesi. Anayezipenda na azinunue, lakini aongeze uimara wa kila kitu kingine.

Si kila kamba ya plastiki ni nailoni

Katika maduka mengi ya vifaa, kamba yoyote isiyo ya mkonge huitwa nailoni. Jina hilo moja hufunika aina nne au tano za vitu vilivyo tofauti kabisa, na muuzaji mwenyewe huenda asijue anachouza.

Nailoni halisi ina nguvu nyingi na hunyumbuka. Kunyumbuka huko ni kuzuri kwa kamba ya nanga, kwani humeza mishtuko ya mawimbi, lakini kwenye machela humaanisha kwamba mtu aliyejilaza akiwa nusu mita juu ya ardhi ataamka mgongo ukikaribia nyasi. Aidha, nailoni hunywa maji, na ikilowa hupoteza kati ya asilimia 10 na 15 ya nguvu zake hadi ikauke.

Polista ni pungufu kidogo kwa nguvu, ila hainyumbuki sana, haidhoofiki ikilowa, na hustahimili jua kuliko nyingi za wenzake. Kwa machela inayokaa nje mwaka mzima katika nchi iliyopitiwa na Ikweta, hii ndiyo kamba inayostahili kununuliwa hata kama bei yake iko juu kidogo.

Polipropilini ndiyo ile kamba nyepesi ya buluu, kijani au ya manjano inayouzwa kila mahali, kuanzia kwa wachuuzi wa sokoni hadi vituo vya kufungia mizigo ya malori. Ikiwa mpya ina nguvu ya kutosha. Adui yake ni jua. Isipotiwa kinga kiwandani, nyuzi zake hukauka, huwa ngumu na kuanza kumeguka, na mtu akiipitisha kiganjani humchoma kwa vinyuzi vilivyokatika. Nyeusi hudumu zaidi kuliko za rangi nyangavu, kwa kuwa masizi yanayotumiwa kuitia weusi huzuia miale ya jua isipenye ndani.

Kuna njia rahisi ya kuzitofautisha ambayo haimgharimu mnunuzi chochote. Akate kipande cha urefu wa kidole na kukitumbukiza katika bakuli la maji, akikibonyeza ili hewa itoke. Kikielea, hiyo ni polipropilini au jamii yake ya polithilini. Kikizama, ni nailoni au polista. Kutofautisha hizi mbili za mwisho ni kugumu zaidi, lakini kuivuta kamba nyembamba kwa mikono miwili husaidia, kwani nailoni hurefuka na kurudi.

Mkonge nao una heshima yake. Mmea huu hutoka rasi ya Yucatán nchini Mexico, ambako nyuzi za jamii yake zilisokotwa kutengenezea machela zenyewe. Uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 pekee ikafika Tanga ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalitapakaa mashamba ya Tanganyika, na zao hilo likaja kuenea Kenya pia, ikiwemo Vipingo katika Kaunti ya Kilifi. Kamba ya mkonge hupendeza machoni na haitelezi kwenye fundo. Hata hivyo, ni dhaifu takribani mara mbili na nusu kuliko polista ya unene uleule, hunywa maji ikavimba, na ikikaa na unyevu huoza kutoka ndani huku nje ikingali inang’aa.

Vivyo hivyo kwa kamba ya makumbi ya nazi. Ndiyo iliyoshona mbao za mitepe ya Lamu katika zama ambazo vyombo hivyo vilijengwa bila msumari, na inastahimili maji ya chumvi kuliko mkonge. Lakini nguvu yake ni ndogo zaidi. Mwenye hoteli anayetaka mandhari ya kienyeji anaweza kuizungusha juu ya kamba ya polista ikawa pambo, mzigo wenyewe ukabebwa na iliyofichika.

Kwa makadirio, kamba mpya ya unene wa milimita 12 iliyosokotwa kwa mafungu matatu hukatika ikivutwa kwa kilo 2,900 hivi ikiwa ni ya nailoni, 2,300 ya polista, 2,000 ya polipropilini, na kilo 950 tu ya mkonge. Takwimu hizi humpumbaza mnunuzi. Akiona kilo 950, hujiambia kwamba kamba hiyo ingembeba fahali.

Lakini hebu hesabu hiyo ifuatwe hadi mwisho. Fundo lolote huikunja kamba kwa ukali na kuipunguzia nguvu kwa kati ya thuluthi moja na nusu. Kwa fundo baya, zile kilo 950 za mkonge hubaki 475. Machela iliyokazwa hadi digrii 10, ikiwa na mtu wa kilo 80, huivuta kwa kilo 230. Mtu huyo asipojilaza taratibu bali akajitupa, mzigo wa ghafla huongezeka angalau mara mbili, yaani kilo 460. Kati ya 460 na 475 imebaki tofauti ya kilo 15, na kamba bado ni mpya, haijanyeshewa hata siku moja. Mvua za masika zikishapita juu yake, hesabu hiyo haina tena haja ya kufanywa.

Ni kwa sababu hii ambapo wataalamu wa kamba huzuia mzigo wa kawaida usizidi sehemu moja ya tano ya uzani wa kukatika, na pale ambapo uhai wa binadamu unahusika, sehemu moja ya kumi. Kwa kipimo hicho, polista ya milimita 12 iliyofungwa kwa digrii 30 ina akiba kubwa hata watu wawili wakilala pamoja. Mkonge wa unene huohuo hauna.

Zipo pia kamba nyembamba mno za kisasa, mathalan zile za Dyneema, ambazo kwa uzani sawa huishinda waya ya chuma kwa mbali. Wapandaji milima na wapiga kambi huzipenda kwa wepesi wake. Kwa mtu wa nyumbani zina kasoro mbili: huteleza kwenye mafundo ya kawaida, na huyeyuka kwa joto dogo la takribani digrii 145, hivyo msuguano mkali huweza kuzidhuru.

Kuhusu fundo lenyewe, kanuni ni kwamba lisiwe fundo lililobuniwa papo hapo. Kitanzi cha mabaharia kisichojikaza, kile ambacho hufunguka kwa urahisi hata baada ya kubeba mzigo usiku kucha, ndicho kinachofaa, na mkia wake uachwe mrefu wa shubiri moja. Bora zaidi ni kitanzi kilichotengenezwa kwa kuifumua ncha ya kamba na kuzipenyeza nyuzi zake tena ndani ya kamba yenyewe. Hakipotezi zaidi ya takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu. Wavuvi wengi wa Pwani huifahamu kazi hii, na malipo yao hayawezi kulinganishwa na gharama ya kuunga mfupa wa nyonga.

Chumvi haichagui chuma

Kwenye ncha ya kamba huwa pana chuma. Hapa ndipo hewa ya bahari inapofanya kazi yake kimyakimya.

Kulabu za waya iliyopindwa mfano wa herufi S, ambazo huuzwa zikiwa zimeunganishwa na machela nyingi za bei nafuu, hazifai. Hufunguka taratibu kila mtu anapoketi, na kwa vile upande mmoja u wazi, pete ya machela huweza kuchomoka inapopembea. Kinachotakiwa ni pingu ya umbo la herufi U yenye pini ya kukazwa kwa skrubu, au karabina yenye lango linalofungwa.

Karabina nazo zina matabaka. Zile ndogo za rangi za kuning’inizia funguo si za kubebea mtu, na mara nyingi zimechapishwa onyo ubavuni. Karabina ya kweli huwa na alama ya kilonyutoni. Kilonyutoni moja ni sawa na kilo 102 hivi, hivyo iliyoandikwa 22 hustahimili kilo zipatazo 2,240 ikivutwa kwa urefu wake, lango likiwa limefungwa. Chuma kisicho na alama yoyote kirudishwe rafuni.

Kuhusu kutu, kuna njia mbili za kinga. Ya kwanza ni zinki. Chuma kilichotumbukizwa katika zinki iliyoyeyushwa huwa na rangi ya kijivu isiyong’aa na ganda nene linalodumu miaka mingi. Kile kinachometameta kama sarafu mpya kimepakwa zinki kwa umeme. Ganda lake ni jembamba mno na karibu na bahari huanza kutoa kutu katika kipindi kifupi. Kwa maneno mengine, kinachovutia zaidi rafuni ndicho cha kuepukwa.

Njia ya pili ni chuma cha pua. Kinachouzwa kwa wingi ni cha daraja la 304, nacho kinatosha Nakuru au Nyeri. Karibu na mawimbi hupata madoa ya rangi ya chai, na baadaye vijishimo. Cha daraja la 316 kimeongezwa molibdeni kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na ndicho kinachotumiwa kwenye mashua. Wapo wanaoamini kwamba sumaku inaweza kutenganisha hivi viwili. Haiwezi, kwa sababu vyote kwa kawaida havinasi sumaku. La maana ni kusoma alama: bolti iliyochapishwa A2 ni ya jamii ya 304, na iliyochapishwa A4 ni ya jamii ya 316.

Kosa jingine ambalo mafundi hulifanya kwa nia njema ni kuchanganya, wakaingiza pingu ya chuma cha pua katika pete ya zinki. Metali mbili tofauti zikigusana katika unyevu wa chumvi, moja huila nyingine, na hapa ni zinki inayoliwa. Vyuma vyote vya upande mmoja viwe vya jamii moja.

Mahali kamba inapopita juu ya chuma pia pahitaji uangalifu. Machela haitulii, kila pumzi ya aliyelala huifanya kamba isuguane na chuma kwa unyuzi mmoja. Kipete cha chuma chenye mfereji, kinachokaa ndani ya kitanzi, huzuia jambo hilo. Vinginevyo, pande mbili za mnyororo mfupi wa zinki hutatua shida hiyo na kurahisisha kurekebisha kimo, pete moja baada ya nyingine.

Mti, boriti na nguzo

Mnazi huchaguliwa kwa sababu upo, si kwa sababu unafaa kuliko miti mingine. Shina lake hupinda bila kuvunjika na huweza kubeba machela vyema, lakini lisipigiwe msumari wala skrubu. Mnazi si kama mwembe, ambao hufunika jeraha lake kwa gome jipya. Tundu lililotobolewa kwenye mnazi hubaki tundu maisha yote, na ni mlango wa maji na wadudu. Fauka ya hayo, nazi iliyokomaa huzidi kilo moja kwa uzani na haimpigi mtu hodi. Makuti makavu na madafu yaangushwe kwanza, kabla ya machela kutundikwa.

Kwa mwembe, mwarobaini na miti mingine ya gome, kamba nyembamba ikizungushwa shinani hukata gome na kuubana mfereji wa chakula wa mti, hatimaye mti ukadhoofika. Suluhisho ni ukanda mpana wa polista, wa sentimita 3 hadi 5, kama ule wa kufungia mizigo kwenye malori. Huzungushwa shinani, kisha kamba au pingu ikaunganishwa na ukanda. Mti wenyewe uwe na shina la unene wa angalau sentimita 20, hai, na usio na dalili za mchwa. Ukigongwa ukitoa sauti ya debe tupu, pana uvungu ndani.

Vibarazani, boriti ya mkoko au ya mbao ngumu hubeba vizuri, mradi haijaliwa. Skrubu yenye jicho iwe ya chuma kilichofuliwa jicho lake likafungamana, si waya uliopindwa, na itanguliziwe tundu dogo ili mbao isipasuke. Hata ikiwa nzuri, jicho hilo limeundwa kuvutwa kwa unyoofu. Likivutwa kwa mshazari wa digrii 45, uwezo wake hushuka hadi chini ya thuluthi ya ule ulioandikwa. Bolti inayopenya boriti mpaka upande wa pili na kukazwa kwa nati na washa pana ni salama kuliko skrubu yoyote.

Nguzo za matofali, na kuta za mawe ya matumbawe zinazopendeza sana katika miji ya kale ya Pwani, zimejengwa zibebe uzani unaoshuka chini. Machela haishuki chini; huvuta kando. Katika mfano wa awali, mtu wa kilo 80 kwenye machela iliyokazwa digrii 10 huivuta nguzo kwa upande kwa kilo 227, tena karibu na kilele, mahali ambapo nguzo haina pa kujishikiza. Nguzo ya matofali isiyo na nondo ndani, hususan ile iliyosimama peke yake, isifungiwe machela kwa vyovyote vile. Matumbawe nayo ni jiwe laini, na bolti za kupanuka huchimbua tundu lake pole pole hadi zichomoke.

Wageni na watoto

Mwenye nyumba ya kukodisha hana budi kukumbuka kwamba mgeni hajui umri wa kamba aliyoikuta. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye majengo, Sura ya 34, humtaka kuchukua tahadhari zifaazo ili mgeni awe salama katika matumizi aliyokaribishiwa, na humtaka atarajie kwamba watoto huwa waangalifu kidogo kuliko watu wazima. Kibao cha onyo pekee hakimwondolei lawama iwapo hakikutosha kumfanya mgeni awe salama.

Watoto huigeuza machela kuwa bembea, huirukia watatu kwa pamoja, na hujiviringisha ndani yake. Hatari hii ya mwisho haihusiani na kukatika kwa kamba. Mwaka 1996, mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa machela ndogo za wavu zipatazo milioni 3, zisizo na mti wa kutandazia, baada ya watoto kadhaa kunaswa shingo na kufariki. Wavu wa nyuzi nyembamba usiachwe ukining’inia mahali ambapo mtoto mdogo hucheza bila mtu mzima. Utunguliwe na kuwekwa ndani, jambo ambalo pia huirefushia kamba maisha.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika 10. Mara moja kwa mwezi, kamba isokotwe kinyume ili mafungu yake yaachane, na macho yatazame ndani: unga, weusi au harufu ya uvundo ni dalili ya kuoza, na chembe za chumvi zinazometa humaanisha kwamba inapaswa kuoshwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Sehemu iliyokonda kuliko nyingine imeshavutwa kupita kiasi. Pini za pingu zikazwe, ukanda ugeuzwe ili usisuguke mahali pamoja, na kabla ya mtu wa kwanza kupanda, mtu mzima aketi taratibu katikati, miguu ikiwa ardhini, na kujibonyeza mara kadhaa.

Kamba iliyokataliwa isitupwe ikiwa nzima, maana mtu mwingine ataiokota na kuifunga kwingine. Ikatwe vipande vya urefu wa mita moja. Urefu huo hautoshi machela, lakini ni wa kutosha kumfungia mbuzi.